Mama na Mkwewe Ndani ya Karavani

Mama aliizunguka ile karavani kama mnunuzi anavyomzunguka ngamia kwenye soko la mifugo la Garissa. Akaigonga ubavuni, akainama kutazama magurudumu, akachungulia ndani, kisha akarudi nyuma hatua chache na kuniuliza kwa Kisomali, "Hooyo, tutalala humu sote?"

Hooyo maana yake ni mama, lakini kwetu mama naye humwita mwanawe hivyohivyo, kwa hiyo nyumbani kwetu neno hilo huitikiwa na watu watatu kwa pamoja.

"Sote," nikajibu.

"Na yeye?"

Yeye alikuwa mkwewe, mume wa mdogo wangu, ambaye wakati huo alikuwa amelala chali chini ya karavani akifunga kitu kwa bisibisi na kuimba. Ni Mbaski wa kuzaliwa, mtu wa pwani ile ya kaskazini ya Hispania inayopakana na Ufaransa, na karavani yenyewe, yaani kile chumba cha magurudumu kinachokokotwa na gari, aliiazima kwa baba yake. Ndani mlikuwa na vitanda vinavyokunjwa, jiko la gesi la mafiga mawili, meza ya kupachika ukutani na kabati lililonuka kahawa. Mpango ulikuwa tufuate bahari kuelekea magharibi, tukilala tutakapopenda, mama aone dunia na mjukuu apate hewa.

Lakini kwa desturi zetu, mama mkwe na mkwe huheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Hawali sahani moja na hawakodoleani macho. Kulala chini ya dari moja, hata dari hiyo ikiwa ya bati na inatembea, ni habari ambayo ingefika Garissa kabla yetu.

"Nina hema," mkwe akasema kutoka uvunguni, kana kwamba ameelewa Kisomali. Hakuelewa. Alikuwa amezoea tu.

Niseme tulivyofikia hapo. Mdogo wangu alikuwa muuguzi kambini Dadaab, na huyu bwana alikuwa mhandisi wa maji, mtu wa visima na pampu. Walijuana huko, akasilimu, akapeleka wazee kwa mjomba wetu, nikaha ikafungwa kwa taratibu zote, kisha wakahamia kwao Hispania. Mama hakupinga. Alinyamaza, na kunyamaza kwa mama ni kuzito kuliko kupinga kwa watu wengine. Kwenye simu alimwitikia salamu yake, akauliza kuhusu mvua, akanipa simu mimi. Ilikuwa hivyo mwaka baada ya mwaka, mpaka mtoto alipozaliwa na mdogo wangu akasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuweza kuikataa, kwamba anamtaka mama. Likizo ya Aprili ilipofika nikafunga vitabu vyangu, nikamfunga mama koti zito ambalo Garissa lingemuua kwa joto, tukaondoka.

Sasa, kuhusu lugha. Mimi hufundisha Kiswahili katika shule ya upili mjini Garissa, na Mwenyezi Mungu aliamua kunijaribu kwa njia hiyo. Mama amezaliwa Kotile, huko Ijara, kwenye boma la ng'ombe, na Kiswahili chake alikiokota akiuza vitambaa sokoni. Mkwe naye alikiokota chake kwa madereva na walinzi wa visima. Kisomali chake hakipiti salamu, na mama hajui Kihispania wala Kibaski. Basi watu hao wawili, mmoja wa Ijara na mwingine wa ufuo wa Atlantiki, hawakuwa na lugha nyingine ya kusemezana isipokuwa ile ninayolipwa kuifundisha, na kila mmoja aliivunja kwa namna yake. Kila p kwa mama ilikuwa b, na neno viatu yeye alisema fiatu, mkwe akasema biatu, kisha wote wawili wakaenda kuvivaa bila shida yoyote. Mimi nililisema sawasawa na hakuna aliyenisikiliza.

Tuliondoka asubuhi. Mkwe aliendesha, mdogo wangu kando yake, mama na mimi nyuma na mtoto katikati yetu kwenye kiti chake. Baada ya mji wa Zarautz barabara inashuka na kujibanza kati ya mlima na maji, na siku hiyo bahari ilikuwa imechafuka. Wimbi likapiga ukuta wa barabara, likapanda, likamwagika mbele ya kioo chetu.

Mama alinishika paja.

"Wewe kijana!" akaita kwa Kiswahili. "Bahari hii nakuja barabarani kila siku ama leo tu?"

Mkwe akacheka mpaka mdogo wangu akamkanya atazame mbele. "Siku ya upepo tu, mama. Hakuna shida."

"Na nyumba nyuma yetu? Nafuata sisi ama imebotea?"

"Inafuata, mama."

"Bole bole basi. Nyumba haina macho."

Kisha mkwe akatueleza kilichomchekesha zaidi. Kwa Kibaski, mama huitwa ama. Mama yetu hutia ama ndani ya maswali yake, kama wafanyavyo watu wa sokoni kwetu, na yeye kila akisikia hugeuka moyoni kumtafuta mama yake mzazi. Mama alilitafakari jambo hilo mpaka mji uliofuata. Mwishowe akaniambia kwa Kisomali kwamba lugha yenye neno kama hilo haiwezi kuwa mbaya sana.

Mji uliofuata ulikuwa Getaria, na hapo tulikutana na tatizo la samaki. Getaria ni mji wa kuchoma samaki. Majiko ya mkaa yamewekwa nje kabisa, barabarani, na samaki wapana kama sinia wamelazwa juu yake kwenye vyuma, mafuta yakitona, moshi ukiingia nguoni mwa wapita njia. Mkwe alinunua mmoja kwa furaha ya mtu anayempa mgeni kilicho bora kwao. Tuliketi kwenye benchi tukiitazama bandari. Akamtengea mama kipande cha shavuni, sehemu ambayo, alituambia, watu hugombania.

Mama alikitazama kile kipande, akamtazama mkwe. Ilikuwa mara ya kwanza nimwone akimtazama usoni.

"Kijana, wewe nafanya fizuri. Lakini kitu haina shingo mimi sikuli."

"Haina shingo?"

"Utachinja wabi?"

Nilianza kueleza kwamba dini haina neno na samaki, kwamba ni halali bila kuchinjwa, na kwamba tabia hii ni ya wafugaji tu. Mdogo wangu akanikanyaga mguu. Mkwe alikuwa tayari anaenda kwenye gari, akarudi na kopo la nyirinyiri, zile nyama za kukaangwa zilizokatwa vipande vidogo na kuhifadhiwa kwenye samli, ambazo mdogo wangu alikuwa amezipika kwa nyama ya duka la Mmoroko. Mama alikula nyirinyiri, sisi tukala samaki, na kile kipande cha shavuni nilikila mimi. Nawaambia ukweli, watu hao wana sababu ya kukigombania.

Jioni tulifika Zumaia. Hapo miamba ya pwani imesimama kwa tabaka, nyembamba, moja juu ya nyingine, maelfu kwa maelfu, kisha zikalala ubavu na kuingia baharini. Watalii wengi walikuwa wamesimama juu wakipiga picha kwa heshima kama watu walio msikitini. Mkwe akaeleza kwamba kila tabaka ni umri mrefu wa dunia, na wataalamu hutoka mbali kuja kuzisoma.

"Ni kama anjera," mama akaniambia. "Anjera za harusi, zimepangwa halafu mtu akapiga sinia teke."

Anjera ni mikate yetu myembamba ya kumimina, na mpaka leo siwezi kuikumbuka ile miamba kwa namna nyingine.

Tuliiegesha karavani kwenye uwanja wa wasafiri, kwenye majani mabichi kiasi cha kumtia mama hasira. Hasira kwa sababu hapakuwa na ng'ombe hata mmoja wa kuyala. Alikuwa akiyang'oa kwa mkono na kuyanusa. Mkwe alipiga hema lake dogo kando ya mlango wetu, mbali kadiri adabu ilivyotaka. Na mara mvua ikaanza.

Haikuwa mvua ya kwetu, inayokuja na kishindo na kuondoka na mbuzi wa mtu. Ilikuwa manyunyu membamba yasiyo na sauti. Wenyewe wanayaita sirimiri, na watu wa karavani za jirani walikuwa wakiingia ndani wakinung'unika na kukusanya viti vyao. Mama alitoka nje. Alisimama kwenye majani na koti lake zito, kichwa nyuma, mdomo ukisema alhamdulillahi, na akakataa katakata kuingia. Kisha akapiga simu Kotile, kwa mjomba.

"Imenyesha?"

"Bado," mjomba akasema. Sauti yake ilisikika wazi kama yuko chini ya kitanda. "Mawingu yapo, hayajaamua."

"Huku inanyesha na hawaitaki. Wanaikimbia, wallahi!"

"Basi waambie waisukume huku."

Giza lilipokaribia manyunyu yalikuwa yamegeuka mvua kamili. Tulikuwa tumeketi ndani, jiko limewashwa, chai ya tangawizi imechemka, mtoto anachezea kijiko. Kupitia dirisha dogo tuliliona hema. Lilikuwa limelegea upande mmoja, na mkwe alikuwa nje akichimba mfereji kwa mwiko wa jikoni, viatu vimejaa maji. Mdogo wangu aligeuza uso kutoka dirishani. Alitazama chai yake. Nilijua asingesema: alikuwa ameishi miaka yote hiyo akingoja mama aseme.

Mama akainuka. Alifungua begi lake, akatoa shuka lake la kujitanda, lile la kijani lenye nakshi, akalifunga ncha moja kwenye kishikio cha kabati na ncha nyingine kwenye msumari wa dirisha. Akalivuta, akalijaribu, akalegeza kidogo. Karavani ikawa vyumba viwili, kama kibanda cha kwao kinavyogawanywa kwa mikeka. Kisha akafungua mlango.

"Kijana! Ingia ndani. Bazia iko."

Mkwe alisimama na mwiko wake. "Mama, mimi niko sawa hapa. Ni maji kidogo tu."

"Mimi nimeona maji kidogo Tana Rifa," mama akasema. "Ilibeba kijiji. Ingia!"

Akaingia, akitiririka maji. Mdogo wangu akampa taulo, mama akampitishia kikombe cha chai chini ya pazia bila kuonyesha zaidi ya mkono wake. Tulilala hivyo, wanawake upande wa mbele na yeye upande wa mlango. Asubuhi mama alidai hakupata usingizi kwa sababu kijana anakoroma. Hata hivyo aliyatoa yale majani aliyoyang'oa jana yake kutoka mfukoni na kumwuliza yanaitwaje kwa Kibaski, na walichukua muda mrefu juu ya jambo hilo, nami nikaosha vyombo.

Siku iliyofuata ndiyo ya mkasa. Tulipita Mutriku na Ondarroa na Lekeitio vizuri kabisa, vijiji vilivyoshuka hadi bandarini, nguo zimeanikwa kwenye baraza za ghorofani, wazee wakicheza karata. Mbele kidogo ramani ya simu ikatuambia tupinde kulia, kuna njia fupi ya kuteremkia ufuo mzuri. Mdogo wangu alisema njia inaonekana nyembamba. Mkwe akasema ramani haikosei. Mtu yeyote aliyewahi kutoka Garissa kwenda Griftu wakati wa mvua angeweza kumwambia jambo kuhusu njia fupi, lakini hakutuuliza.

Njia ikawa nyembamba, ikawa nyembamba zaidi, kisha ikapinda ghafla katikati ya ukuta wa mawe na zizi la kondoo. Gari lilipita. Karavani haikupita. Ilisikika sauti ndefu ya bati likikwaruza jiwe, mtoto akaacha kunyonya kidole, na tukasimama.

Mkwe alijaribu kurudi kinyumenyume. Kurudisha nyuma gari lenye karavani ni sanaa, kwa kuwa ukikata usukani huku, yenyewe inakwenda kule. Ilikwenda kule. Sasa ilikuwa imejifunga kama kizibo kwenye chupa. Halafu kondoo wakatoka. Sijui nani aliwafungulia, au ni sisi tuliogonga lango, lakini walitoka wote, wa manyoya marefu yanayoburura, nyuso nyeusi, wakatuzunguka kwa kelele na kuanza kulamba taa za gari.

Nyuma yao akaja mwenyewe. Bibi mfupi, mpana, aproni ya jikoni na mabuti ya mpira, uso mwekundu, akizungumza kabla hajafika. Hatukuhitaji mkalimani kuelewa.

"Anasema nini?" mama akauliza.

"Anasema..." Mkwe alitafuta neno. "Anasema mimi ni mtu hana akili."

"Kweli ni hifyo," mama akasema, akafungua mlango wa gari.

Kilichofuata kilikwenda haraka. Mama alishuka, akainua mikono miwili, akatoa ule mlio wa ulimi anaoutumia kuita mifugo kwao. Kondoo wa kigeni, hawajawahi kuusikia maishani, wakanyamaza na kumtazama. Bibi naye akanyamaza. Sidhani kondoo walimtii hasa, nadhani walishangaa tu, lakini nafasi ikapatikana na bibi akawasukumia zizini kwa aproni yake. Kisha wote tukafanya kazi. Mimi na mdogo wangu tuliweka mawe nyuma ya magurudumu. Mkwe akaifungua karavani kutoka kwenye gari. Bibi akaleta trekta dogo jekundu, kamba ikafungwa, na kwa kuvuta na kusukuma, mama akielekeza kwa mikono na bibi akielekeza kinyume kwa Kibaski, karavani ikatoka inchi kwa inchi mpaka kwenye kiwanja cha nyumba yake, na mkwaruzo mrefu ubavuni kama alama ya chapa.

Tulikuwa tumejaa matope. Bibi alitutazama mmoja mmoja, akamwona mtoto, na uso wake ukabadilika kabisa. Akatuita ndani.

Jikoni kwake palikuwa na joto na kuta nene. Alitukalisha mezani, akamchukua mtoto bila kuuliza, akazungumza naye kwa Kibaski, mtoto akamjibu kwa mapovu. Halafu mazungumzo yakaanza, na yalikuwa mazungumzo ya ajabu kuliko yote niliyowahi kuyasikia. Bibi alisema kwa Kibaski, mkwe akaleta kwa Kiswahili cha Dadaab, mama akajibu kwa Kiswahili cha sokoni, mkwe akarudisha kwa Kibaski. Mimi na mdogo wangu tulikuwa watazamaji.

Bibi aliuliza kama mama ana mifugo. Mama akasema ng'ombe, kwa kaka yake.

"Anauliza, ngapi?"

"Ambia yeye, ngombe ya mtu haihesabiwi mbele ya mgeni. Na yeye, kondoo ngapi?"

Mkwe akatafsiri. Bibi akafikiri, akacheka, akajibu kwa maneno machache.

"Anasema na yeye hahesabu."

Wakatazamana wakiwa wameridhika.

Kisha bibi akainuka, akateremsha ukutani chombo cha mbao kilichochongwa kwenye gogo moja, kimeinama upande kama mtu anayesikiliza, akamimina ndani maziwa ya kondoo ya asubuhi hiyo. Kutoka kwenye makaa ya jiko akaokota jiwe kwa koleo, jiwe jekundu kabisa kwa moto, akalitumbukiza. Maziwa yakalia, yakachemka mara moja, na harufu ya kuungua ikajaa chumba kizima. Alieleza kwamba siku hizi watu hutumia sufuria, ila maziwa ya kugandisha bila ladha ya jiwe kwake si chochote. Yale mapya yangeganda baadaye. Kwa sasa alitupa bakuli za yale ya jana, meupe na mazito, na kijiko kila mtu.

Mama alionja. Akakiweka kijiko chini.

"Hooyo," akaniambia kwa Kisomali, polepole. "Hii ni Kotile."

Ilikuwa kweli. Kwetu kibuyu cha maziwa hufukizwa kwa vijinga vya moto kabla ya kutiwa maziwa, na moshi huo hubaki ndani ya maziwa kama sauti ya mtu inavyobaki chumbani. Nilikuwa nimesahau kwa sababu mjini tunanunua ya pakiti. Mama alikula bakuli lake lote, akala na la mdogo wangu, na kwa msaada wa mkwe akamweleza bibi kuhusu miti gani inafaa kufukizia na ipi inaleta uchungu. Bibi alisikiliza kwa makini, akatikisa kichwa, akapinga jambo fulani kuhusu mawe. Hapo mkwe alikuwa anatoka jasho. Msamiati wa kambi ya wakimbizi una pampu na mabomba mengi, lakini hauna jina la kila mti.

Katikati ya hayo bibi akamgeukia mama moja kwa moja na kuuliza kitu, kidole kikielekea kwa mkwe.

Mkwe alisita. "Mama, anauliza... anauliza mimi ni nani kwa wewe."

Mdogo wangu aliacha kumfuta mtoto mdomo. Mama alikunja mikono yake mezani. Hakumtazama mkwe, alimtazama bibi.

"Ambia yeye, hii ni mtoto yangu. Ya kuzaa, habana. Lakini mtoto yangu."

Ni kazi ngumu kuwa mkalimani wa jambo kama hilo. Mkwe alianza sentensi, akakohoa, akaanza tena, na ndani ya sentensi hiyo nililisikia lile neno lao, ama. Masikio yake yalikuwa mekundu. Mdogo wangu aligeuka dirishani kutazama kondoo.

Bibi aliitikia kwa kichwa kwa uzito wote, kisha akasema neno fupi.

"Anasema nini?" mama akauliza.

"Anasema," mkwe akajibu, akipangusa pua kwa mkono, "basi mfundishe mwanao kuendesha gari."

Mama alicheka mpaka shela yake ikamwanguka mabegani. Sijui ni lini nilikuwa nimemsikia akicheka namna ile mara ya mwisho, labda kabla baba hajafariki. Bibi naye akacheka kwa kuona ametuchekesha, na mtoto akacheka kwa sababu watu wote walikuwa wanacheka.

Tulilala kwenye kiwanja chake siku hiyo, na shuka likafungwa tena mahali pake. Kabla ya Magharibi mama alimwomba mkwe simu yake, kwa sababu yake mwenyewe ilikuwa imekwisha chaji, na akampigia mjomba. Alikwenda moja kwa moja kwenye jambo lake. Yule mtamba mwekundu, aliyezaliwa na ng'ombe wake mwenyewe pale malishoni Sangailu, kuanzia leo ni wa mjukuu wake. Yeye na uzao wake wote.

Kwetu mtoto akizaliwa hutengewa mnyama, na mnyama huyo huzaa kwa ajili yake mpaka atakapokuwa mtu mzima. Ndiyo njia ya ukoo kusema huyu ni wetu. Mjomba akauliza swali la kiungwana, kama mtoto ana habari.

"Anazijua," mama akasema. "Amekaa hapa ananitemea maziwa."

Mdogo wangu alimkumbatia mama kutoka nyuma, na mama akalalamika kwamba anamkaba. Mkwe aliuliza mtamba ni nini. Nilimweleza kuwa ni ng'ombe jike ambaye hajazaa, kwa Kiswahili sanifu na kwa mifano, nami nikafurahi kwamba hatimaye nimepata mwanafunzi.

Tulisafiri siku chache zaidi. Tulifika Mundaka, ambako vijana huteleza juu ya mawimbi kwa ubao, na mama alitaka kujua kama wazazi wao wanajua. Ufukweni alivua viatu na soksi zake mbili, moja juu ya nyingine, akaiingia Atlantiki hadi kwenye vifundo vya miguu. Wimbi dogo likaja, likampiga magotini. Alipiga ukelele, akamshika mkwe mkono, na hakuuachia mpaka waliporudi kwenye mchanga mkavu. Mdogo wangu aliwapiga picha. Katika picha hiyo mama amefumba macho na mkwe ameshika viatu vyake.

Baba mwenye karavani aliuona mkwaruzo tuliporudi. Aliupapasa, akaguna, akauliza umetokea wapi. Mkwe akasema ni habari ndefu, na mzee akaleta kiti.

Garissa tulirudi na kukuta joto lilelile na umeme umekatika. Majirani walikuja kuuliza habari za Ulaya, na mama akawaambia kuna baridi, kuna majani yasiyo na mwenyewe, na kuna mwanamke mmoja anayejua maziwa. Mvua Kotile ilichelewa, ila ilinyesha. Mkwe anasema watakuja Desemba wote watatu, na kwamba atakodi gari hapa Garissa awapeleke Sangailu mwenyewe, mtoto amwone ng'ombe wake. Nimemwambia apande nyuma tu na kukaa. Mama anasema nimwache, kijana ataendesha, yeye ataketi mbele kumwonyesha njia.